Lamu au Malindi: tutazame upepo na magoti kabla ya bei

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie jambo ambalo huzuka hapa Mombasa kila shule zinapokaribia kufungwa, nalo ni ule ubishi wa familia zinazojiwekea akiba ya matembezi ya mara moja kwa mwaka: waende Lamu au waende Malindi. Msomaji mwenzangu aliyeandika hivi majuzi alishikilia kwamba Malindi imekwisha, kwamba yamebaki mabaa na majumba matupu ya Waitaliano, na kwamba mtu anayeijua pwani hawezi kuchagua mji mwingine ila Lamu. Sina ugomvi na Lamu, ambako nina jamaa na ambako hupenda kwenda kila nikipata nafasi, lakini hukumu hiyo naiona imepitishwa kabla ya kuulizwa maswali mawili yaliyo ya msingi, yaani safari ni ya mwezi gani, na wanaosafiri ni akina nani.

Kwanza tukumbuke kwamba sisi wa Mombasa hatuendi likizo kutafuta bahari. Bahari tunayo Nyali, Shanzu na Likoni, na watoto wetu wengi huijua kabla ya kuzijua herufi. Matangazo ya utalii huandikwa kwa ajili ya mtu anayeshuka kutoka bara, na huyo akionyeshwa mchanga mweupe na mnazi ulioinama ameridhika. Kwake yeye Lamu na Malindi ni picha moja yenye majina mawili. Sisi tunahitaji kitu ambacho nyumbani hatuna, na hapo ndipo miji hii inapoachana kabisa. Lamu inakupa mji wa mawe ambao bado unakwenda kwa miguu, mji ambao Mji wetu wa Kale ungefanana nao kama tuktuk na pikipiki zisingeijaza Ndia Kuu kutwa kucha. Malindi inakupa matumbawe, magofu, msitu na mto, vyote ndani ya mwendo mfupi wa gari, lakini ni lazima uvifuate huko viliko, kwani ukijifungia katika nyumba ya kupanga na kungoja mji ukujie, utarudi Mombasa ukisema kwamba Malindi hakuna kitu. Nashuku kwamba msomaji mwenzangu aliikaa Malindi kwa namna hiyo.

Tuanze na njia. Malindi iko kilomita 120 hivi kutoka hapa, na tangu daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991, feri ya pale ikawa hadithi ya wazee, safari hiyo haichoshi, ukiondoa msongamano wa Mtwapa ambao haufuati hesabu ya mtu yeyote. Ukitoka baada ya sala ya alfajiri, chai ya saa nne unainywa Malindi. Lamu ni zaidi ya kilomita 300, na Malindi yenyewe ni kituo cha njiani. Basi huondoka mapema, likapita Gongoni, likavuka Tana huko Garsen, likapita Witu na kuteremka hadi Mokowe, gati la bara linalokikabili kisiwa cha Lamu, na humo njiani abiria husimamishwa kwenye vizuizi vya polisi na kuonyesha vitambulisho, utaratibu ambao ulikazwa zaidi baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014. Barabara ya kutoka Garsen hadi Lamu sasa ina lami, na aliyewahi kuipita enzi za vumbi na matope anajua kwamba hiyo ni neema kubwa. Ila mto Tana ukifurika, lami haimsaidii msafiri, kwa sababu maji hupita juu yake, kama ilivyotokea wakati wa mvua za El Nino mwishoni mwa mwaka 2023.

Na ukifika Mokowe bado hujafika Lamu. Mizigo huteremshwa, vijana wa boti huigombania kila mmoja akidai kwamba boti yake ndiyo inayong'oa nanga sasa hivi, na mama mwenye mtoto mkono mmoja na kikapu mkono wa pili hulazimika kushuka vidato vyenye utelezi, aupime mwinuko wa wimbi, kisha atie mguu katika chombo kinachoyumba huku buibui lake akilikusanya kwa meno. Kijana akiyaona hayo huona kwamba raha imeanza. Bibi wa miaka sabini huanza kusoma dua.

Nimemtaja bibi kwa makusudi, kwa sababu familia ya Mombasa haisafiri baba, mama na watoto wawili kama inavyoonyeshwa katika picha za hoteli. Tunasafiri na nyanya, na shangazi, na mpwa aliyekuja likizo, na pengine na msichana wa jirani ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia abaki. Sasa itazame nyumba ya mawe ya Lamu, ile ya zamani yenye zidaka ukutani na dari ya boriti za mikoko. Ni nyumba nzuri sana, lakini ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, na mahali pazuri pa kukaa, penye upepo na mandhari ya bahari, huwa juu kabisa. Mzee mwenye magoti mabovu atapanda mara moja siku ya kwanza, na siku zilizobaki atakaa chini akisikia wenzake wakicheka juu. Akitaka kutoka, hakuna teksi ya kumchukua mlangoni. Kuna vichochoro, kuna mitaro ya maji, kuna punda anayekuja na shehena ya mawe ambaye ni lazima umpishe, kwa kuwa yeye hakupishi. Hospitali ya King Fahd iko pale pale kisiwani na ina gari la wagonjwa, hilo halina ubishi, lakini gari haliingii vichochoroni, na mgonjwa hubidi abebwe kwanza hadi linapoweza kumfikia. Simwambii mtu mwenye mzee asiende Lamu. Namwambia aulizie nyumba yenye chumba cha kulala chini, tena aulize kabla hajatuma malipo ya kwanza.

Malindi haina shida hiyo. Tuktuk huingia hadi uani, nyumba nyingi za kupangisha ni za chini tupu na zina jiko, na familia inaweza kwenda na sufuria zake, mchele wake na mbuzi yake ya kukunia nazi, ikapika kama inavyopika Majengo au Tudor. Hata hivyo sifa hiyo ndiyo inayowaponza wengi, maana akina mama huenda Malindi wakashinda jikoni vilevile, kisha wakaambiwa kwamba wamepumzika. Hili limeniudhi mara nyingi, na nalitaja ingawa halimo katika hoja ya msomaji mwenzangu.

Jambo la upepo ndilo ambalo watu hulipuuza kuliko yote, hata watu wa pwani ambao babu zao wasingefungua tanga bila ya kulitafakari. Shule zetu hufungwa Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka, na kila likizo ina upepo wake. Aprili ni masika. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, imeanza, mvua inanyesha, bahari imechafuka na mito imejaa, na ushauri wangu kwa mwezi huo ni kubaki nyumbani. Agosti kusi bado inavuma, hewa ni ya baridi kidogo, na katika fuo za Malindi na Watamu mwani uliosukumwa na mawimbi hulala mchangani kwa mafungu, ukinuka jua likiupiga. Aliyekwenda kuogelea atasikitika, lakini aliyekwenda kutembea atashukuru, kwani huo ndio wakati ambao mtu anaweza kuzunguka mitaa ya Lamu saa sita za mchana bila ya kulowa jasho, au kuingia magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke bila ya kuonea kiu kila hatua. Akiwa Lamu asidanganyike na maji tulivu ya mkondo ulio kati ya mji na kisiwa cha Manda, akafikiri kwamba ufuo wa Shela, kijiji kilicho jirani ya mji, nao ni hivyo hivyo. Sehemu kubwa ya ufuo ule, chini ya yale machuguu ya mchanga ambayo ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya mji mzima, inaikabili bahari kuu bila ya mwamba wa kuyavunja mawimbi, na wakati wa kusi watoto hawafai kuachwa humo peke yao.

Desemba ndipo penye mtego. Watu husema kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imeingia, bahari imetulia, kwa hiyo Malindi ni kuzuri. Wanasahau mto Sabaki. Mto huu, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, huanzia katika nyanda za juu karibu na Nairobi, hupita Ukambani na Tsavo, na hukusanya udongo mwekundu kutoka katika kila shamba lililoachwa wazi, ukaja kuumwaga baharini kaskazini kidogo tu ya mji wa Malindi. Wakati wa kusi mkondo wa bahari huusukuma udongo huo upande wa kaskazini, kuelekea Ghuba ya Ungwana, na Malindi hupona. Kaskazi ikishika, mkondo hugeuka na udongo huletwa kusini, na kwa kuwa mvua za vuli zimetangulia na mto umejaa, maji yaliyo mbele ya mji huwa na rangi ya chai ya maziwa wakati ule ule ambao hoteli zimejaa. Mgeni huona uchafu, akasema Malindi imeharibika. Haikuharibika jana: mto umekuwa ukifanya hivyo miaka yote, ingawa mmomonyoko wa ardhi huko bara umeuongeza mzigo wake. Dawa ni nyepesi, ni kulala Malindi na kwenda kuogelea Watamu, ambako ni mwendo wa kama kilomita 25 upande wa kusini na ambako udongo wa Sabaki hausumbui vile. Miezi ya Januari hadi Machi, maji yanapokuwa safi kuliko wakati mwingine wowote, watoto wako darasani, na wanaofaidi ni wastaafu na wageni kutoka Ulaya.

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968 na ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Ni kweli kwamba matumbawe yake si yale ambayo wazazi wetu waliyaona, kwa sababu joto la bahari la mwaka 1998 liliyaua mengi katika pwani yote ya Kenya. Hata hivyo samaki wapo, na mtoto anayetazama kupitia sakafu ya boti ya kioo, akamwona kasuku wa baharini akiguguna tumbawe, atajifunza jambo ambalo hawezi kulipata ufukoni Jomo Kenyatta kati ya ngamia na wauza mihogo. Lamu hakuna kitu kama hicho karibu na mji. Mwenye kutaka matumbawe huko hukodi chombo akaenda Manda Toto au Kiwayu, na hiyo ni safari ya kutwa na gharama yake ni nyingine.

Ama hiyo kauli kwamba Malindi ni ya Waitaliano, naomba ipimwe kwa haki. Waitaliano walianza kuingia kwa wingi baada ya nchi yao kujenga kituo cha kurushia roketi huko Ngomeni katika miaka ya 1960, na kutoka jukwaa lililosimama baharini mbele ya Ngomeni ndipo kiliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, chombo cha kuchunguza nyota kilichopewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Lakini mji ulikuwapo karne nyingi kabla yao. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipokelewa huko na kupewa rubani wa kumfikisha Bara Hindi, baada ya sisi wa Mombasa kumkatalia, na wapo wazee hapa ambao mpaka leo hawajaisamehe Malindi kwa ukarimu ule. Nguzo yake ipo, na kanisa dogo la Wareno lipo, lakini watalii wengi wakishaviona hivyo viwili hurudi hotelini bila ya kuingia mtaa wa Shela wa Malindi, penye msikiti wa Ijumaa na makaburi ya nguzo ya kabla ya Wareno. Kisha kuna Gede, mji wa mawe ulioachwa na watu wake kiasi cha karne ya 17, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Kuta za msikiti na za jumba la mfalme bado zimesimama, mizizi ya mibuyu na miti mingine imezikumbatia, na kima wa pale hawana haya: ukifungua mkoba kutoa ndizi, ndizi si yako tena. Mtoto wa Mombasa aliyezoea Ngome Yesu akipelekwa Gede ataelewa kwamba waliojenga kwa mawe katika pwani hii hawakuwa Wareno peke yao wala hawakuanza wao.

Kwa upande wa Lamu, iliyoingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 2001, kinachostahili safari ndefu ni mji wenyewe unavyoishi. Ukitembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji, baada ya magharibi, utapita wazee waliokaa kwenye madaka ya nyumba wakizungumza, mafundi wanaofunga milango iliyojaa vumbi la mbao za kuchonga, harufu ya mkate wa mofa, na watoto wanaocheza kichochoroni bila ya mzazi kuwa na hofu ya gari. Pikipiki zimeanza kuingia, na ubishi juu yake haujatulia. Mimi niko upande wa wanaotaka zizuiwe kabisa, maana Lamu ikikubali pikipiki ndani ya mji itakuwa imekubali kuwa Mombasa ndogo. Lakini starehe hii haipatikani kwa haraka. Anayefika Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili asubuhi ataona gati, ngome na punda, kisha atasema kwamba mji ni mdogo na hauna kitu cha kufanya. Kwa sababu hiyo naona mwenye siku mbili aende Malindi, na Lamu aiwekee siku nne au tano, moja ya kupumzika kutokana na basi, na nyingine ya kwenda kwa mashua hadi magofu ya Takwa kisiwani Manda, ambako chombo huingia maji yakijaa tu, na asiyeangalia saa huachwa na maji hadi jioni.

Wanaopanga Lamu waangalie pia kalenda ya Kiislamu. Mwishoni mwa Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, maulidi ya Msikiti wa Riyadha huwakusanya watu kutoka pembe zote za pwani na Visiwa vya Ngazija, na hapo vyumba hutafutwa kwa kujuana. Aliyekwenda kwa ajili ya maulidi atapata anachokitaka na zaidi. Aliyekwenda kutafuta ukimya achague wiki nyingine.

Kuhusu bei sina mengi. Malindi ina nyumba nyingi kuliko wageni kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo mwenye ulimi wa kuomba kupunguziwa atapunguziwa. Lamu nauli hukula fedha ambazo chumba hakikuzila, na Shela ya huko ni ghali kuliko mji. Anayesema kwamba Lamu ni ya wazungu tu amekaa Shela, na anayesema kwamba ni rahisi alilala kwa jamaa.

Nina ombi moja, Bwana Mhariri. Gazeti lako huchapisha nyakati za sala na ratiba za kandanda, na kwa hilo tunakushukuru. Ingetufaa zaidi kama katika wiki za kufungwa kwa shule lingechapisha pia saa za maji kujaa na kupwa, kwa Malindi na kwa Lamu, pamoja na siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu wakati wa bamvua inafika karibu mita 4, na ndiyo inayoamua kama boti ya kioo itaona matumbawe au itaona kiza, kama mashua itaingia Takwa au itakwama matopeni, na kama mama aliye Mokowe atavishuka vidato vitatu au kumi. Takwimu hizo wavuvi wanazo vichwani na mamlaka za bandari wanazo vitabuni. Wasafiri ndio ambao hawana.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Makadara, Mombasa.